Tanga Liko Tayari, Karatasi Je?

Saa tano usiku wa 31 Desemba 2020, saa za London, yoti yako ilikuwa imefungwa gati gani? Mwingereza mwenye boti ya matanga bado huulizwa swali hilo na maofisa wa forodha na hata na wanunuzi, na jibu lake lina uzito wa maelfu ya euro. Saa hiyo ndipo kipindi cha mpito cha Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya kilipokwisha. Boti iliyolala Ufaransa au Ugiriki usiku ule, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa imeshalipwa, iliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya ndani ya Umoja wa Ulaya. Iliyolala Plymouth, Uingereza, iliamka ya kigeni, hata kama kodi yake ililipwa miaka ishirini nyuma.

Waingereza wamezoea kuikimbia baridi kwa boti. Mtu anastaafu, anauza gari, anavuka Ghuba ya Biscay kabla ya dhoruba za mwisho wa mwaka, anateremka pwani ya Ureno, anapinda Gibraltar, na mbele yake ni Mediterania yote. Anayeiogopa Biscay hulaza mlingoti na kupita katika mifereji ya Ufaransa. Zamani safari hiyo ilihitaji pasipoti, cheti cha usajili, bima na moyo. Sasa anayejiandaa vizuri hukaa na faili miezi kadhaa kabla hajakunjua tanga, na kinachomkosesha usingizi ni hesabu ya siku.

Hesabu zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni ya mtu: tangu 1 Januari 2021, mwenye pasipoti ya Uingereza anaruhusiwa kukaa eneo la Schengen siku 90 tu katika kila siku 180. Siku hizo 180 hazianzi upya mwezi wa kwanza. Kila siku unayokuwa ndani unageuka nyuma, unahesabu siku 180 zilizopita, na jumla ya ulizokaa isizidi 90. Hesabu ya pili ni ya boti. Yoti ya kigeni, mmiliki wake akiwa si mkazi wa Ulaya, huruhusiwa kukaa katika maji ya Umoja kwa miezi 18 bila kulipiwa kodi. Ikipitiliza, mwenyewe anaweza kudaiwa kodi kwa thamani ya boti kama ilivyo: Malta asilimia 18, Ugiriki 24, Kroatia 25. Kwa boti ya euro 50,000, Ugiriki peke yake ni euro 12,000.

Basi mtu anaweza kufukuzwa huku boti yake ikiwa bado ina mwaka mzima wa kukaa. Na ramani za hesabu hizi mbili hazilingani. Saiprasi imo ndani ya Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen, kwa hiyo nahodha akitia nanga Larnaca siku zake hazisogei, ila miezi ya boti inaendelea kuhesabiwa. Kroatia nayo ilikuwa kimbilio la namna hiyo hiyo mpaka 1 Januari 2023, ilipoingia Schengen na kuufunga mlango. Uturuki inakidhi yote mawili, maana iko nje ya Schengen na nje ya Umoja. Unavuka kutoka Rhodes, Ugiriki, hadi Marmaris, unagongewa mihuri, unahifadhi risiti ya marina kama ushahidi, na ukirudi boti inaanza miezi 18 mingine.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam aliyewahi kupanga foleni ya viza ya Schengen na taarifa za benki mkononi ana haki ya kutabasamu kidogo. Mwingereza haombi viza, lakini ameanza kuonja. Waliobahatika kuwa na babu au bibi aliyezaliwa Ayalandi wamechimbua vyeti vya kuzaliwa vya ukoo mzima, kwani pasipoti ya huko inafuta hesabu ya siku 90.

Halafu boti yenyewe inahitaji uraia. Ndani ya Uingereza yoti ya starehe hailazimiki kusajiliwa. Ikienda nje ni lazima, kwa sababu kwa sheria ya bahari ya kimataifa chombo kina utaifa wa dola ambayo kina haki ya kupeperusha bendera yake. Rejista ya vyombo vidogo ni rahisi na hudumu miaka mitano, lakini haithibitishi nani mwenye mali. Anayetaka uthibitisho wa umiliki huandikisha chombo Sehemu ya Kwanza, rejista ile ile ya meli kubwa. Mimi ningeshauri hiyo, ghali au si ghali.

Ugomvi wa bendera si mgeni katika bahari yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 wenye majahazi wa Sur, Oman, walijipatia hati na bendera za Kifaransa, na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikisaka majahazi ya watumwa zikakosa haki ya kuyapekua. Uingereza na Ufaransa zilifikishana The Hague, na hukumu ya 1905 ikabana ni nani hasa aliyeruhusiwa kupewa bendera hiyo. Waingereza wakati ule ndio waliokuwa wakidai karatasi.

Yaliyobaki ni mengi ila mepesi: cheti cha kimataifa cha unahodha, na mtihani wa ziada kwa anayepita mifereji; leseni ya redio ya VHF kwa boti na cheti kingine kwa anayeitumia; bima inayotaja maji unayokwenda. Ugiriki inatoza kodi yake kwa boti inayozidi meta saba. Nyama na maziwa kutoka Uingereza haviruhusiwi kuingia Ulaya, hivyo soseji ziliwe njiani. Na rafiki anayeishi Hispania usimwazime boti hivi hivi: mkazi wa Umoja akiiendesha bila wewe, msamaha wa kodi unaweza kuvunjika.

Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza, hatua kwa hatua, kubadilisha mihuri kwa mfumo wa kompyuta unaochukua alama za vidole na picha ya uso, na mashine haikosei kuhesabu hadi 90. Wengi wameshaugawa mwaka: baharini Aprili hadi karibu na mwisho wa Juni, kisha nyumbani mpaka mwisho wa Septemba, kisha warudi tena kwa majuma machache. Desemba boti inabaki imepandishwa nchi kavu Preveza, Ugiriki, kwenye joto, na mwenyewe yuko Uingereza analipia gesi ya kupasha nyumba.