Kunyonyesha ni Haki ya Mtoto, na Serikali Ina Wajibu Wake

Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unataja faida za kunyonyesha katika ibara yake ya 24, inayohusu afya, na kuzitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba wazazi wanapata elimu ya lishe ya watoto pamoja na msaada wa kuitumia. Maneno hayo ni machache, lakini uzito wake ni mkubwa, kwa kuwa lawama ya mtoto kutonyonyeshwa, ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikimwangukia mama peke yake, sasa inageuka kuwa swali ambalo serikali inapaswa kulijibu.

Haja ya swali hilo ilionekana wazi katika miaka ya 1970, pale kampuni za maziwa ya kopo zilipokuwa zikiwatuma hospitalini wanawake waliovaa sare za wauguzi ili wawagawie wazazi makopo ya bure. Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya, hivyo mtoto anayeshibishwa kwa chupa hunyonya kidogo, nayo maziwa hupungua. Kopo la bure linapokwisha, familia maskini hulazimika kununua jingine, kisha kuyazimua maziwa kupita kiasi ili yadumu, mara nyingi kwa maji yasiyo salama, na mtoto huishia kupata kuhara na utapiamlo. Ndiyo sababu Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha, kwa kura 118 dhidi ya kura moja ya Marekani, kanuni ya kudhibiti uuzaji wa bidhaa zinazotumiwa badala ya maziwa ya mama. Kanuni hiyo haikatazi maziwa ya kopo kuuzwa, kwani wapo watoto wanaoyahitaji kweli; inachokataza ni kuyatangaza kwa umma na kuwagawia akina mama sampuli.

Kanuni hiyo ni pendekezo tu mpaka nchi iitungie sheria, na hapo ndipo utetezi wa haki za mtoto unapofanya kazi yake kubwa. Kamati ya Haki za Mtoto, yenye wataalamu 18 wanaofuatilia utekelezaji wa Mkataba, hupokea mjini Geneva ripoti za serikali kila baada ya miaka mitano, na asasi za kiraia, hasa IBFAN, mtandao wa kimataifa wa kutetea unyonyeshaji ulioanzishwa mwaka 1979, huwasilisha ripoti zao kuonyesha yale ambayo serikali imeyaacha. Mwaka 2013 Kamati ilieleza katika Maoni ya Jumla Namba 15 kwamba kampuni binafsi nazo zinapaswa kuifuata kanuni ya mwaka 1981.

Kenya ilitunga sheria yake ya kudhibiti bidhaa zinazotumiwa badala ya maziwa ya mama mwaka 2012. Lakini mama anahitaji pia muda wa kunyonyesha: Tanzania, kupitia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha akiwa kazini. Hata hivyo, wataalamu wa afya wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, muda unaozidi sana siku 84, na mama lishe au kibarua wa shambani, asiye na mkataba wa ajira, hana hata siku hizo.