Jinsi ya Kucheza Bakgamoni

Mtu asiyeujua mchezo wa bakgamoni akiwatazama wawili wanaocheza, huona dadu zikirushwa na kete zikikimbizwa, akadhani kwamba yote ni bahati tu. Sivyo. Dadu humpa mchezaji hesabu, lakini kuitumia hesabu hiyo ni kazi ya akili yake. Ndiyo sababu mchezo huu wa kale, ambao Waajemi huuita nard na Waturuki tavla, wapendwa hata leo katika migahawa ya kahawa ya Uturuki, Ugiriki na Misri. Huko Uingereza, Edmond Hoyle aliutungia kitabu mwaka 1743. Hapa twaeleza kanuni zake za kwanza.

UBAO NA KETE. Ubao una vituo 24 vilivyochorwa kama pembe nyembamba, navyo vimegawanywa katika mafungu manne, kila fungu vituo 6. Katikati pana kiambaza. Kila mchezaji ana kete 15, mmoja nyeupe na mwenziwe nyeusi, na fungu moja ni nyumbani kwake. Hesabu vituo vyako kuanzia mwisho wa nyumbani kwako: weka kete 5 katika kituo cha 6, kete 3 katika cha 8, kete 5 katika cha 13, na kete 2 katika cha 24. Mwenzako hupanga zake vivyo hivyo upande wake, na kituo chako cha 24 ndicho cha 1 kwake. Kwa hiyo majeshi haya mawili husafiri kwa kukabiliana.

MWENDO. Kwanza kila mmoja hurusha dadu moja. Aliyepata hesabu kubwa huanza, naye hutumia hesabu zote mbili. Baadaye kila mtu kwa zamu yake hurusha dadu mbili. Akipata 5 na 3, aweza kusogeza kete moja hatua 5 na nyingine hatua 3, au kete moja hatua zote 8, mradi kituo cha kupumzikia njiani kiwe wazi. Dadu zikilingana, kama 4 na 4, hucheza 4 mara nne. Kituo chenye kete mbili au zaidi za adui kimefungwa, wala hukanyagi hapo. Hesabu iwezayo kuchezwa haiachwi.

KUPIGWA. Kete iliyo peke yake ikifikiwa na adui, hupigwa na kuwekwa juu ya kiambaza. Mwenyewe hana ruhusa ya kugusa nyingine mpaka aiingize tena kupitia nyumbani kwa adui. Akipata 3 huingilia kituo cha 3 cha adui, kama hakikufungwa. Asipopata mlango, zamu yampita.

Hapa ndipo akili inapopimwa. Dadu mbili zaweza kuanguka kwa namna 36. Kete yako ikikaa peke yake hatua 6 mbele ya adui, na njia ikiwa wazi, namna 17 zaweza kuipiga. Isogeze iwe hatua 7, nazo hubaki 6 tu. Hatua moja yaweza kuokoa mchezo mzima.

KUMALIZA. Kete zako zote 15 zikiisha kufika nyumbani, ndipo waanza kuzitoa. Ukipata 4, watoa iliyo katika kituo cha 4. Kama hakuna, sharti usogeze iliyo katika cha 5 au cha 6. Na huko nako kukiwa kutupu, toa iliyo mbali kuliko zote zilizosalia. Atoaye zote kwanza ameshinda. Na kama mwenziwe hajatoa hata moja, ushindi huhesabiwa mara mbili.

Mwanafunzi asianze kwa kuchezea fedha, asije akalipa karo kubwa kwa somo dogo. Na acheze na amshindaye, kwani huyo ndiye mwalimu.