Loiyangalani: mji wa ziwani usiotegemea maji ya ziwa

Aliyefika Sori, mji wa wavuvi kwenye ghuba ya Karungu, Kaunti ya Migori, anajua kuwa kuishi kando ya Ziwa Victoria ni kuwa na maji. Mtu huchota ziwani, akachemsha au akatia dawa, akanywa. Ndugu msomaji, ukipanga safari ya Loiyangalani, iache hesabu hiyo nyumbani.

Loiyangalani iko Kaunti ya Marsabit, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana, katikati ya jangwa la mawe meusi ya volkano. Ziwa ni refu, yapata kilomita 250, na samaki wamo: ngege na sangara. Lakini maji yake yana magadi na floridi nyingi. Waelmolo, wavuvi walioyanywa kwa vizazi, wameyalipia kwa meno ya kahawia na mifupa iliyopinda.

Kinachouweka mji hai ni chemchemi ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ingawa hutoka ardhini yakiwa na joto. Ndiyo sababu ya miti, na ndiyo sababu ya jina: kwa Kisamburu ni mahali penye miti mingi. Mpwani ataitambua mara moja, kwani ni mikoma, ndugu wa ile ya kwetu. Waturkana huyatumia makuti yake kuezekea nyumba zao za mviringo. Wasamburu, Warendille na Waelmolo nao wanaitegemea chemchemi hiyo hiyo, pamoja na mifugo.

Njia inayotumika sana hupitia Isiolo na Laisamis. Kutoka Laisamis barabara ilitengenezwa ili kupitisha mitambo 365 ya umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310, utakayoiona kabla ya kufika mjini. Hapo utaelewa kuwa kusi yetu ni ya upole. Usiku upepo huu huvuma kwa nguvu, basi hema lifungwe kwa mawe. Kabla ya kuondoka Isiolo, ulizia usalama wa njia, maana wizi wa mifugo huweza kuifunga. Ziwani kuna mamba, usioge popote tu. Anayetaka ngoma na mavazi ya jamii za kaskazini aulizie tarehe za tamasha la Ziwa Turkana, lililoanza 2008.

La muhimu zaidi ni adabu ya maji. Beba maji yako ya kunywa ya siku kadhaa. Usifue wala kuoga kwa sabuni kwenye chemchemi. Aliye chini yako kwenye mkondo anachota ya kupikia. Usiwapige picha kina mama wanaochota bila idhini yao.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye mji wenye chemchemi moja, mwenyeji hupona mgeni akifika na madumu yake yamejaa.