Usugu wa Dawa za VVU: Kwa Nini Nchi Zinaunganisha Takwimu

Virusi vya UKIMWI (VVU) hubadilika kadiri vinavyozaliana. Mgonjwa anapokatiza dozi, vile vinavyohimili dawa ndivyo huongezeka, na vinaweza kumwambukiza hata mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge kimoja cha tiba hiyo. Kituo kimoja cha afya, kwa wagonjwa wake wachache, hakiwezi kubaini usugu huo umeenea kiasi gani.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilijumuisha tafiti za nchi 11. Katika nchi 6, zikiwemo Uganda, Namibia na Zimbabwe, zaidi ya asilimia 10 ya walioanza tiba walikuwa na virusi sugu kwa baadhi ya dawa zilizotumika sana wakati huo. Usugu huo ulichangia dolutegravir kupendekezwa mwaka 2019 kuwa chaguo la kwanza.

Ili kutafsiri vinasaba vya virusi, maabara huvilinganisha na kanzidata ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliyo wazi kwa watafiti tangu 1998. Kinachohitajika humo ni vinasaba vya kirusi na dawa zilizotumika, si jina la mgonjwa.

Sasa inafuatiliwa dolutegravir yenyewe. Taarifa ya WHO ya mwaka 2024 ilionesha kuwa dawa hiyo hufubaza virusi kwa zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji. Hata hivyo, tafiti zilibaini usugu wa asilimia 3.9 hadi 8.6, uliofikia asilimia 19.6 kwa waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa na wingi mkubwa wa virusi. Kundi hilo ndilo linalohitaji zaidi kipimo cha wingi wa virusi, hata kwa anayejihisi mzima.