NAMBA YA TARAKIMU 129 ILIYOWASHINDA WENGI

Amri ya siri haina thamani ikiwa adui anaisoma. Kwa karne nyingi majeshi yaliyaficha maneno yake kwa mafumbo, lakini ulibaki udhaifu mmoja: mwenye kufunga fumbo na mwenye kulifungua walipaswa kuwa na ufunguo ule ule. Tarishi alipokamatwa nao njiani, siri zote zilimwagika.

Mwaka 1977 wataalamu watatu wa chuo cha MIT nchini Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walibuni njia ya kuuondoa udhaifu huo. Kufuli lao huweza kutolewa hadharani, kila mtu akafungia ujumbe wake. Bali ufunguo hubaki kwa mwenyewe peke yake. Kufuli hilo ni namba kubwa iliyopatikana kwa kuzidisha namba mbili, na ufunguo hutokana na namba hizo mbili.

Kuzidisha ni rahisi, kupasua ni kazi

Mzazi anaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Mwambie mtoto mmoja azidishe 89 kwa 97. Baada ya muda mfupi atapata 8,633. Kisha mpe mwenzake 8,633 atafute namba mbili zilizoizaa. Atajaribu 3, 7, 11, 13 na kuendelea, na jasho litamtoka kabla hajafika 89. Namba 89 na 97 ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe; kwa hiyo hakuna namna nyingine ya kuipasua 8,633.

Wataalamu wale walitoa namba ya tarakimu 129, ijulikanayo kama RSA-129. Huanza na 114381625 na kuishia na 543541. Tarakimu ya mwisho, yaani 1, yatosha kuonyesha kwamba haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Zaidi ya hapo haisaidii kitu. Agosti 1977 Martin Gardner aliichapa katika gazeti la Scientific American pamoja na ujumbe uliofungwa kwayo, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeufungua. Rivest alikadiria kwamba kazi hiyo ingechukua miaka 40,000,000,000,000,000.

Nguvu ya wengi

Haikupita hata miaka 17. Mwaka 1981 Carl Pomerance alibuni njia mpya ya kuchekecha namba, ambayo kazi yake huweza kugawanywa vipande vipande. Mwaka 1993 Derek Atkins, Michael Graff, Arjen Lenstra na Paul Leyland waliwaalika watu wa nchi mbalimbali kujitolea kompyuta zao. Watu wapatao 600 waliitikia, kila mmoja akachekecha sehemu yake na kutuma matokeo. Baada ya miezi minane hivi, Aprili 1994, namba ilipasuka: namba tasa moja ya tarakimu 64 na nyingine ya tarakimu 65.

Ujumbe ulipofunguliwa ulikuwa wa mzaha: ulisema kwamba maneno ya uganga ni tumbusi mwenye kinyaa, yule tumbusi avunjaye mifupa ili ale uboho.

Funzo lake, hata hivyo, si mzaha. Namba ile haikubadilika hata tarakimu moja. Waliobadilika ni washambuliaji, kwa maarifa mapya na kwa umoja wao. Mwaka 2020 ilipasuliwa namba nyingine ya aina hiyo yenye tarakimu 250. Ndiyo maana kufuli zilindazo fedha na barua za watu leo hutumia namba za tarakimu 600 na zaidi. Mlinzi aliyepima ukuta wake kwa nguvu za adui wa jana hana budi kuupima tena.