Usalama na Afya: CHUMA KATIKA MGONGO



Wengi wanauliza: mtu aliyevunjika mgongo chini ya mwamba, ni kweli waganga wanaweza kumtia chuma naye akatembea tena? Tuelezane.

Toka shingo hadi kiuno mna mifupa midogo 24, mmoja juu ya mwingine. Ndani yake inapita kamba laini ya mishipa, inayopeleka amri za ubongo hata miguuni. Mfupa ukivunjika na kuteleza, unaweza kuibana au kuikata kamba hiyo.

Mwaka 1891, huko Marekani, mganga Berthold Hadra alifunga kwa waya mifupa ya shingo iliyovunjika. Baadaye, katika mji wa Houston, Paul Harrington alinyoosha migongo ya watoto waliopindishwa na polio. Alitumia fimbo ya chuma yenye kulabu, na mwaka 1962 aliwajulisha waganga wengine kazi hiyo. Mjini Paris, mwaka 1963, Raymond Roy-Camille alianza kukaza visi ndani ya mfupa wenyewe. Mwaka 1983 Wafaransa wengine, Yves Cotrel na Jean Dubousset, waliunganisha fimbo mbili na kulabu nyingi; mgonjwa aliweza kuamka mapema, bila kufungwa plasta. Siku hizi vyuma vingi ni vya titani, ambayo ni nyepesi na haishiki kutu.

Lakini sikieni vizuri. Chuma kinashikilia tu. Mara nyingi mganga anaweka pia vipande vya mfupa, ili mifupa ishikamane, na kazi hiyo inachukua miezi. Isiposhikamana, chuma kinachoka na kukatika, kama waya unaopindwa kila siku. Na kamba ya mishipa ikiisha kukatika, hakuna chuma kinachoiunga.

Kwa hiyo, mwenzako akiangukiwa na jiwe:

1. Usimvute mikono wala miguu. Usimkalishe.
2. Mwambie asijitikise. Mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeuke.
3. Kapita aitwe, na waokoaji waje na machela ngumu.
4. Kama mwamba ungali unaanguka au hewa ni mbaya, mwondoeni. Watu wengi pamoja, kwa amri ya mmoja, kichwa na mgongo vikinyooka kama ubao.

Anayembeba mwenzake begani kwa haraka anaweza kumkatia miguu ambayo mwamba ulimwachia.