Unataka Faili Lishuke Mpaka Mwisho? Usikimbilie ZIP

Una folda ya ripoti yenye MB 100 na unatakiwa kuituma leo. Gmail haikubali kiambatisho kinachozidi MB 25, na bando nalo ndo hilo la kuhesabu. Wengi hapo hufanya kitu kimoja tu: wanaibana folda kwa ZIP, halafu wanaomba Mungu. Inashuka kweli, lakini bado haipiti.

Mara nyingi tatizo siyo folda. Ni hiyo ZIP.

Wataalamu wa kubana mafaili wana faili moja la majaribio linaloitwa enwik8. Ni baiti milioni 100 za mwanzo za Wikipedia ya Kiingereza ya mwaka 2006, yaani MB 100 za maandishi matupu. Kila programu inapewa faili hilo hilo, halafu wanaangalia nani kalibana zaidi. Programu ya gzip, inayotumia njia ile ile ya ZIP, inalishusha hadi takriban MB 36. 7-Zip kwa njia yake ya LZMA inalifikisha kama MB 25. Ukiibadilishia 7-Zip hiyo hiyo njia ukaweka PPMd, linafika kama MB 21. Ukilifungua, linarudi lilivyokuwa, hakuna herufi hata moja iliyopotea. Ila kati ya wa kwanza na wa mwisho umeokoa MB 15, na kiambatisho kinaingia kwenye barua pepe.

Kwa nini ZIP inaachwa mbali hivyo? Ni ya zamani. Ililetwa na Mmarekani Phil Katz mwaka 1989, wakati kompyuta zilikuwa na kumbukumbu ndogo sana. Programu nyingi za namna hii hubana kwa kutafuta marudio. Maneno "Halmashauri ya Wilaya" yakitokea mara ya pili, programu haiyaandiki tena, inaweka alama fupi inayosema: rudi nyuma hatua kadhaa, chukua herufi kadhaa. Sasa ZIP ya kawaida inaweza kurudi nyuma KB 32 tu, ambazo ni kama kurasa 10 hadi 15 za maandishi. Kilichoandikwa ukurasa wa 3 kikirudiwa ukurasa wa 40, ZIP imeshasahau, inaandika upya. 7-Zip, iliyotengenezwa na Mrusi Igor Pavlov mwaka 1999, ukiiweka kiwango cha juu inakumbuka MB 64 zilizopita au zaidi.

Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. ZIP hubana kila faili peke yake. Ukiwa na fomu 200 za muundo mmoja, kichwa kile kile, anwani ile ile, ZIP inaanza upya mara 200. Mfumo wa 7z unayaunganisha mafaili yote kama uzi mmoja mrefu kisha ndo unabana, kwa hiyo fomu ya pili inafaidika na ya kwanza. Kwa mafaili mengi yanayofanana, faida kubwa inatoka hapa.

Lakini uzi huo una bei yake. Kipande cha katikati kikiharibika, mafaili yanayofuata yanaweza kwenda nacho. Ndiyo maana mimi vitu vya kuhifadhi miaka mingi kwenye flashi au diski kuukuu ningeviweka kwenye RAR ya WinRAR. Yenyewe ina rekodi ya uokoaji: unakubali furushi liongezeke asilimia chache ili liweze kujirekebisha likipata hitilafu. Kwa kubana, RAR mara nyingi hukaa katikati ya ZIP na 7z. Na WinRAR ni ya kulipia, majaribio ni siku 40, ingawa baada ya hapo inaendelea kufanya kazi huku ikikukumbusha kununua leseni. Ile meseji kila mtu anaifahamu.

Kwenye kompyuta ya Windows, ukishaweka 7-Zip, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda 7-Zip, kisha "Add to archive". Pale kwenye "Archive format" weka 7z. Kwenye "Compression level" weka Ultra. Kama ndani ni maandishi matupu (CSV, txt, nakala ya hifadhidata), kwenye "Compression method" chagua PPMd. Kama ni mchanganyiko wa kila kitu, acha LZMA2. Ile "Dictionary size" ndiyo kumbukumbu ya kurudi nyuma niliyoieleza, na ukiipandisha faili linaweza kupungua zaidi. Ila kubana kunakula RAM takriban mara 10 ya namba utakayoweka. Usiweke MB 512 kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4 halafu uilaumu kwa kuganda.

Kwenye simu za Android, ZArchiver inatengeneza 7z vizuri tu. Kwenye iPhone, programu ya Files iliyokuja na simu inakutengenezea ZIP, ukitaka 7z tafuta programu nyingine.

Sasa tuje kwenye picha na video, maana hapa ndipo watu wanapoteza muda bure. JPEG, MP3 na MP4 zimeshabanwa tangu zilipotengenezwa. Marudio hayapo tena ya kuondoa. Kuzibana tena ni kama kukamua nguo iliyokwisha kukamuliwa: video ya harusi ya GB 2 utaiweka kwenye 7z Ultra, kompyuta itapiga kelele, na mwisho utapata GB 2. Hata mafaili ya Word, Excel na PowerPoint ya siku hizi yako hivyo. Huamini? Chukua nakala ya faili la docx, badilisha mwisho wa jina lake uwe zip, kisha lifungue. Utakuta folda ndani yake. Kumbe muda wote ulikuwa unatumiwa ZIP.

Kwa mafaili hayo inabidi upunguze kilichomo ndani. Kwenye Word na PowerPoint ya kompyuta, bofya picha, halafu tafuta "Compress Pictures". Video unaweza kuipitisha kwenye HandBrake, ambayo ni ya bure. Lakini elewa tofauti: hapa ubora unapungua na haurudi. Ndicho WhatsApp inachofanya ukituma picha kama picha. Ukiituma kama dokyumenti inafika ilivyo. Kwa hiyo cheti ulichokipiga picha ili mtu akisome vizuri, kitume kama dokyumenti.

Hapo hapo utaelewa kwa nini zile ahadi za "gemu la GB 4 limebanwa hadi MB 10" hazina ukweli. Gemu limejaa picha na sauti zilizokwisha kubanwa. Pia kuna hesabu isiyokwepeka: mafaili makubwa yanayowezekana ni mengi kupita kiasi kuliko madogo, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kushusha kila faili. Ukiona MB 10 za gemu la GB 4, ama gemu halimo, ama kuna kingine kimewekwa humo ambacho hukukiomba.

Wapo wanaobana kuliko 7-Zip. Programu za kundi la PAQ na nyingine iitwayo cmix zinaishusha ile enwik8 hadi karibu MB 15. Kuna hata tuzo ya Hutter, iliyoanzishwa mwaka 2006, inayolipa watu fedha kwa kubana maandishi ya Wikipedia kuliko aliyetangulia. Mwaka 2020 fungu lake lilipandishwa hadi euro 500,000. Lakini cmix inataka RAM ya makumi ya GB na saa nyingi kwa faili moja, na kibaya zaidi, kufungua kunachukua muda ule ule wa kubana. Hiyo ya kushindania tuzo, siyo ya kumtumia bosi.

Na bosi mwenyewe atafungua kwa kutumia nini? Windows 11 iliyosasishwa tangu mwishoni mwa 2023 inafungua 7z na RAR bila programu ya ziada. Windows 10 yenyewe inajua ZIP tu. Kama tovuti ya chuo au ya ajira imeandika "tuma ZIP", tuma ZIP, usilete ubishi. Unaweza kuitengeneza kwa 7-Zip hiyo hiyo ukachagua zip na Ultra, utapungukiwa na MB kidogo ukilinganisha na ZIP ya Windows. Kama mpokeaji ana simu tu, muulize kwanza, maana 7z yako nzuri asipoweza kuifungua utaituma mara mbili na bando litaenda mara mbili.

Pakua 7-Zip kutoka 7-zip.org. Ni ya bure, anayekudai hela siyo wao. Haijisasishi yenyewe, na WinRAR pia, kwa hiyo angalia toleo jipya mara moja moja. Mwaka 2023 wahalifu walikuwa wanatumia tundu la WinRAR kuingia kwenye kompyuta za watu, hadi likazibwa kwenye toleo la 6.23. Kama yako ni ya zamani kuliko hiyo, ibadilishe leo.